Nitumie lokesheni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kutafuta mahali kwenye ramani ya simu

Nauza mapazia kwa oda hapa Dar es Salaam. Kazi ya kushona ni nusu tu. Nusu nyingine ni kumfikisha bodaboda mlangoni kwa mteja. Maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa na wateja, madereva, na ndugu wanaokuja mjini mara moja kwa mwaka. Ninapotaja ramani bila jina nina maana ya Google Maps, kwa kuwa ndiyo iliyomo kwenye simu nyingi tayari. Nyingine nitazitaja zikifika zamu yake.

Nimeandika jina la mahali, ramani imenipeleka kwingine kabisa. Kwa nini?

Kwa sababu majina yetu yanajirudia, na ramani haijui ulikuwa unawaza nini. Andika "Morocco" ukiwa umetulia nyumbani na huenda ukaonyeshwa Rabat na Casablanca, wakati wewe ulitaka kituo cha Kinondoni. Andika "Korogwe" na utapewa mji wa mkoani Tanga, ingawa ulimaanisha Kimara Korogwe. "Majengo" ndiyo usiseme: iko Moshi, iko Dodoma, iko Nairobi, iko Mombasa.

Lililonifundisha mimi ni Mbezi. Miaka michache iliyopita mteja aliniandikia "niko Mbezi, karibu na stendi". Nikasoma Mbezi, nikaona Mbezi Beach, nikamtuma kijana na mapazia ya vyumba vitatu kupitia Barabara ya Bagamoyo. Mteja alikuwa Mbezi Luis, Barabara ya Morogoro, karibu na stendi ya Magufuli. Neno "stendi" lilikuwa mbele ya macho yangu na sikulisoma. Nauli ya kumrudisha kijana nililipa mimi, na mteja alilala bila pazia siku hiyo.

Dawa yake ni kuandika jina pamoja na kitu kingine kinacholifunga: wilaya, barabara kuu au mji. "Morocco Kinondoni", "Korogwe Kimara", "Majengo Moshi". Kabla hujabonyeza kitufe cha njia, angalia umbali. Kama uko Mwenge na ramani inasema kilomita 280, hiyo siyo Korogwe yako.

Jambo lingine: majibu ya utafutaji hutegemea eneo la ramani lililo wazi kwenye skrini. Ukiisogeza ramani kwanza hadi mtaa unaoutaka, ukakuza, ndipo ukatafuta "duka la dawa" au "sheli", utaletewa ya pale pale.

Anwani niliyopewa ni "shuka kwa Remmy, ingia ndani, nyuma ya duka la dawa, geti la bluu". Naitafutaje hiyo?

Hiyo ndiyo anwani yenyewe ya mji huu, na wala si mbaya. Kituo cha Sinza kwa Remmy kina jina la mwanamuziki Remmy Ongala, aliyefariki mwaka 2010, na hadi leo konda akiita "kwa Remmy" watu wanashuka. Tatizo ni kwamba anwani ya namna hii imetengenezwa kwa mtu anayeweza kuuliza njiani, na ramani haina mdomo wa kuuliza.

Kwa hiyo unaigawa. Kipande cha kwanza, yaani kituo, mara nyingi kimo kwenye ramani, kitafute hicho. Kisha badilisha mwonekano wa ramani uwe wa setilaiti, ule wa picha iliyopigwa kutoka juu, na uanze kutembea kwa kidole: hii ndiyo lami, hapa ndipo njia inaingia ndani, hili paa refu ni shule, uwanja ule mweupe ni wa mpira. Mpigie mwenyeji simu huku ukitazama. Muulize kuhusu vitu vinavyoonekana kutoka juu: paa la rangi gani, kuna mti mkubwa, nyumba iko kona au katikati? Geti la bluu halionekani kutoka angani. Paa jekundu linaonekana.

Kumbuka kuwa picha ya setilaiti siyo ya leo. Inaweza kuwa na miaka, na nyumba unayoitafuta ikaonekana bado ni kiwanja chenye mahindi.

Pia majina hubaki nyuma ya mambo. Mabasi ya mikoani yalihamia Mbezi Luis mwaka 2021, lakini bado nasikia watu wakielekezana "Ubungo stendi".

Pini ni nini, na naiwekaje?

Ni alama ya sehemu moja kamili ya ardhi. Gusa sehemu hiyo kwenye ramani, usiinue kidole mpaka alama nyekundu itokee. Kuza kwanza hadi uone paa moja moja, la sivyo kidole chako kinafunika nyumba kumi. Ikishakaa, unaweza kuihifadhi kwa jina lako mwenyewe ("Mama Neema, Tabata") au kuituma kama kiungo.

Iweke getini, siyo katikati ya kiwanja. Bodaboda haingii kwa kuruka ukuta.

Nimetumiwa namba kama -6.81595, 39.28905. Nifanye nazo nini?

Zinakili na uzibandike kwenye kisanduku cha kutafutia, basi. Hizo ni koodineti, zile latitudo na longitudo za somo la jiografia, zimeandikwa kwa nukta badala ya dakika na sekunde. Namba ya kwanza inasema uko kaskazini au kusini mwa ikweta kwa kiasi gani, ya pili inasema uko mashariki au magharibi ya Greenwich kwa kiasi gani. Hizo nilizoandika zinakufikisha katikati ya Dar es Salaam, karibu na Sanamu ya Askari.

Makosa yanayofanyika ni yale yale matatu, na kila moja lina safari yake.

La kwanza ni kusahau alama ya kutoa. Sisi Dar, Dodoma, Zanzibar, Mombasa na hata Nairobi tuko kusini mwa ikweta, hivyo latitudo yetu huanza na alama hiyo. Ukiiacha, -6.8 inakuwa 6.8, na badala ya Posta unajikuta kwenye nyanda za juu za kusini mwa Ethiopia. Kampala haina shida hii maana iko kaskazini kidogo ya mstari.

La pili ni kugeuza mpangilio. Ukianza na 39 halafu -6.8, ramani inakupeleka magharibi ya Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Baadhi ya programu za wapima ardhi na za kompyuta hutanguliza longitudo, kwa hiyo kosa hili siyo la wajinga. Nimeona mafundi wakilifanya.

La tatu ni kukata tarakimu ili ujumbe uwe mfupi. Nyuzi moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Tarakimu tatu baada ya nukta zinakuweka ndani ya mita 110 hivi, yaani mtaa. Nne, mita 11, yaani nyumba. Tano, karibu mita moja, yaani mlango. Zaidi ya hapo simu yako yenyewe haina uhakika huo, kwa hiyo kumtumia mtu tarakimu kumi na tatu ni mapambo tu.

Na ukiona ramani imekupeleka baharini, Ghuba ya Guinea, upande wa chini wa Ghana, ujue namba hazikusomeka kabisa na mfumo umeandika sifuri na sifuri. Pale ikweta inapokutana na mstari wa Greenwich hakuna kisiwa, ila wataalamu wa ramani wamepatania jina wakapaita Null Island. Data nyingi zilizopotea duniani huishia hapo.

Na hizi herufi kama 57MQ+JJ Dar es Salaam?

Ni Plus Codes. Ni koodineti zilezile zilizofupishwa ili mtu aweze kuzisoma kwenye simu bila kuchanganyikiwa na nukta na alama za kutoa. Google waliutoa mfumo huu mwaka 2014 na wakauacha wazi, yeyote anaweza kuutumia bila kulipa. Msimbo wenye tarakimu kumi unataja mraba wa takribani mita 14 kwa 14. Mfumo hutumia alama ishirini tu, na irabu zote zimeondolewa ili msimbo usije ukaunda neno, likiwemo la matusi.

Msimbo kamili wa mfano huo ni 6G5X57MQ+JJ. Herufi nne za mwanzo ni za eneo kubwa (Dar ni 6G5X, Nairobi ni 6GCR), ndiyo maana ukitaja jina la mji unaweza kuziacha. Lakini usiache jina la mji pia. "57MQ+JJ" peke yake ni kama kusema "nyumba ya tatu" bila kusema mtaa gani.

Mimi nazipenda kuliko koodineti kwa sababu moja: mteja mwenye simu ya kitochi anaweza kuziandika kwenye ujumbe wa kawaida. Ukiweka pini kwenye ramani, msimbo wake unaonekana hapo chini kwenye maelezo. Uchukue, uandike nyuma ya daftari la oda.

Nyumba yangu ina namba na mtaa una kibao tangu zoezi la anwani za makazi. Kwa nini ramani haiijui?

Kwa sababu ni mifumo miwili tofauti. Operesheni ya Anwani za Makazi ilizinduliwa Februari 2022, ikaendeshwa kabla ya Sensa ya Agosti mwaka huo, na anwani zake zimo kwenye mfumo wa serikali unaoitwa NaPA, ambao una programu yake ya simu. Kutafuta namba ya nyumba, jina la barabara na postikodi yake ya tarakimu tano, anzia huko. Ramani za makampuni huchukua baadhi ya majina hayo kwa kasi yake.

Namba ya nyumba ni nzuri ukishafika mtaani. Nimeona madereva wengi wakipita kibao bila kukitazama, ila ukimwambia "nyumba namba 14, kibao kiko kwenye nguzo ya geti", anakitafuta.

Kitone cha bluu kinaniweka nyumba ya jirani, wakati mwingine ng'ambo ya barabara. Simu imeharibika?

Hapana. Simu hupokea ishara kutoka kwenye setilaiti ambazo nyingi huzunguka umbali wa takribani kilomita 20,000 juu yetu. Zile za GPS ni za Marekani, na simu za sasa nyingi husikiliza pia za Urusi, Ulaya na China. Mahali palipo wazi, hesabu hiyo hukosea mita tano hivi. Ukiwa Kariakoo katikati ya maghorofa, ishara inagonga ukuta kwanza ndipo ifike kwako, simu inadhani imetoka mbali zaidi, na kitone kinahama. Vichochoro vya Mji Mkongwe Zanzibar ni vibaya zaidi: kuta nene, anga jembamba. Huko nakushauri ufunge simu uulize watoto.

Chini ya bati ndani ya nyumba hali ni hiyo hiyo. Toka nje, kaa uwanjani nusu dakika, utaona duara la bluu hafifu linalokizunguka kitone likipungua. Duara hilo ndilo kipimo cha shaka ya simu. Watu wengi hawalitazami, wanatuma lokesheni likiwa limemeza mtaa mzima.

Kama kitone kipo sawa ila mshale unaelekea kinyume, dira ndiyo imevurugika. Izungushe simu hewani kwa kuchora namba 8 mara kadhaa. Watu watakucheka. Ichore hivyo hivyo.

Bando likiisha njiani?

GPS haitumii bando. Simu inapokea tu, kama redio. Kinachokula data ni picha ya ramani yenyewe, na hiyo unaweza kuipakua mapema ukiwa kwenye Wi-Fi: kwenye Google Maps ingia sehemu ya ramani za nje ya mtandao, chagua eneo, pakua. Ipakue upya kila baada ya muda, kwa sababu ramani hizo zina mwisho wa matumizi na hufutika. Organic Maps na OsmAnd zimejengwa kwa kazi hiyo tangu mwanzo. Unapakua nchi au mkoa, na utafutaji na njia vyote vinafanya kazi bila mtandao. Mimi nina aina zote mbili, na nikienda kijijini Handeni ni Organic Maps inayonionyesha vijia.

Usichokipata nje ya mtandao ni foleni.

Kwenye WhatsApp kuna "eneo la sasa" na "eneo la moja kwa moja". Nimtumie bodaboda ipi?

Eneo la sasa ni pini iliyosimama: ulipokuwa wakati unabonyeza. La moja kwa moja linakufuata, na unachagua dakika 15, saa moja au saa 8.

Ukisubiri mzigo nyumbani, tuma la sasa, lakini uwe nyumbani kweli. Nimeshatumiwa lokesheni ya ofisini na mteja aliyetaka pazia lifike kwake, tena akashangaa kwa nini kijana yuko kwa mlinzi wa jengo. Ukimsubiri mgeni barabarani naye anasogea, mwambie yeye atume la moja kwa moja ili umwone anavyokuja.

Na tafadhali usitume picha ya skrini ya ramani. Picha haibonyezeki. Dereva atakachofanya ni kuikuza kwa vidole viwili akisoma majina ya maduka huku akiendesha.

Ramani imetupitisha njia isiyopitika. Niilaumu?

Kidogo tu. Inajua kasi kwa kukusanya mwendo wa simu zilizo barabarani, kwa hiyo kwenye Barabara ya Mandela saa kumi na moja jioni inajua mengi kuliko wewe. Kwenye njia ya udongo inayopitiwa na pikipiki sita kwa siku haina wa kumuuliza. Mstari mwembamba mweupe kwenye skrini unaweza kuwa barabara nzuri, korongo, au njia ya miguu kati ya kuta mbili. Mvua kubwa zikinyesha, Jangwani hujaa maji na barabara hufungwa, na redio inaweza kukuambia mapema kuliko ramani. Hakikisha pia umechagua chombo sahihi: njia ya gari na ya mguu hazifanani, na bodaboda yuko katikati ya hizo mbili.

Mtaa wetu haupo kabisa kwenye ramani, ni rangi ya kijivu tupu. Tufanyeje?

Uchoreni. Sitanii.

Kuna OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, ambayo huandikwa na watu wa kawaida kama Wikipedia inavyoandikwa. Ukifungua akaunti bure unaweza kuongeza njia, kisima, zahanati, msikiti, jina la mtaa, na mtu mwingine ataliona. Programu ya StreetComplete hukurahisishia: unatembea, inakuuliza maswali madogo kama "barabara hii ni ya lami au udongo?", unajibu.

Yamefanyika hapa hapa kwetu. Kibera ilikuwa karibu tupu kwenye ramani za mtandaoni hadi mwaka 2009, vijana wa pale walipoanza kutembea na vifaa vya GPS katika mradi wa Map Kibera. Tandale ikafuata mwaka 2011. Kisha mwaka 2015 ukaja Ramani Huria: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi, waliingia kata zinazokumbwa na mafuriko wakachora nyumba, mitaro na vichochoro. Ndiyo maana ukifungua OpenStreetMap leo sehemu za Tandale na Manzese zina maelezo mengi kuliko mitaa ya wenye nazo, ambako unaona kuta tu. Nairobi nao, vyuo vikuu vikisaidiana, walichora njia za matatu, na ramani yake ikatoka mwaka 2014. Kabla ya hapo njia hizo zilikuwa vichwani mwa makonda.

Kwenye Google Maps nako unaweza kupendekeza mahali papya au kurekebisha jina, ila pendekezo hupitiwa kabla ya kukubaliwa. Langu moja lilikaa wiki, jingine dakika.

Nina duka. Nitaonekanaje watu wakitafuta?

Fungua wasifu wa biashara wa Google, ni bure, na uthibitishe kuwa ni wako kwa utaratibu watakaokupa. Andika jina kama lilivyo kwenye kibao, na ongeza namba ya simu na saa halisi za kufungua. Yeyote anayekupigia akitaka hela ili "akuweke kwenye ramani" anakuuzia cha bure. Ukihama fremu, hamisha na pini. Mapazia yangu yaliendelea kutafutwa kwenye fremu ya zamani miezi minne, na mwenye saluni aliyepanga pale alikuwa amechoka nami.

Je, ni salama kumtumia mtu nisiyemjua lokesheni ya nyumbani?

Inategemea na mtu. Pini ya nyumbani ikishatumwa hairudi. Kwa mteja au muuzaji wa mara ya kwanza, mpe kituo au duka la karibu, mkutane hapo. Eneo la moja kwa moja lizime mkimaliza shughuli, usisubiri saa 8 ziishe. Na usibandike pini ya kwako kwenye ukurasa wa watu wote eti kuna sherehe. Waalikwa watumie mmoja mmoja.

Kwa nini nisipige tu simu nielekezwe?

Piga, lakini pini itangulie. Mimi huwaomba wateja wote wanakili ujumbe huu na kujaza, na tangu nianze kuutumia sijamtuma tena kijana Mbezi isiyo yake:

"Pini hiyo hapo juu, nimeiweka getini. Kituo ni ____, upande wa kushoto/kulia ukitokea ____. Ingia njia yenye ____ kona. Geti rangi ____, namba ya nyumba ____. Mbwa yupo/hayupo. Ukifika usipige honi, piga simu."